Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mizani na Mwendo wa Farasi wa Kupanda

Majibu haya yameandikwa kwa wenye farasi, saisi na wapandaji walioko Uganda, iwe farasi wako anafugwa pembezoni mwa Kampala, anatembeza wageni kando ya Nile huko Jinja, au anafanya kazi porini karibu na Ziwa Mburo. Tuelewane kwanza juu ya majina ya mwendo: kutembea ni midundo minne, matiti ni midundo miwili, kanta ni midundo mitatu, na shoti ni mbio zenyewe.

Mizani ya farasi ni kitu gani hasa?

Farasi akisimama bila mtu mgongoni, karibu asilimia 58 ya uzito wake hubebwa na miguu ya mbele, kwa sababu shingo na kichwa vimejitokeza mbele ya mwili. Ukimpanda, unakaa karibu zaidi na mabega kuliko nyonga, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wako nayo inaelekea mbele. Zaidi ya hapo, farasi hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua. Kifua chake kimening'inia kati ya miguu miwili ya mbele kwa misuli na kano tu. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, kifua huzama, mabega yanakuwa mazito na mkono wako unageuka kuwa mguu wa tano wa kuegemea.

Kumfunza mizani ni kumwezesha ajibebe mwenyewe: miguu ya nyuma iingie zaidi chini ya tumbo, kifua kinyanyuke, mwili unyooke kutoka utosini hadi mkiani. Shingo na kichwa hufuata. Ndiyo maana hakuna zoezi hata moja hapa linaloanzia kichwani.

Nitajuaje kwa hakika kwamba anaelemea mbele?

Vigwe, yaani kamba za kumwongozea unazoshika, vinakuwa vizito mkononi. Anajikwaa mahali tambarare. Anaongeza kasi kila akiteremka au akiingia kwenye kona. Ukimtaka asimame, anachukua hatua mbili tatu za ziada kabla ya kutulia.

Kisha soma nyayo. Lainisha mchanga kwa reki kwenye njia ya mita 10, umpitishe akitembea kwa vigwe virefu, halafu upime. Kwa farasi mwenye afya, wayo wa nyuma hutua mbele ya alama ya wayo wa mbele wa upande uleule, mara nyingi kwa sentimita 5 hadi 15. Ukitua nyuma ya alama hiyo, amechoka, anaumwa, au anabanwa na mpandaji. Pima kushoto na kulia kando kando na uandike daftarini, kisha rudia kila baada ya wiki 4. Tofauti kati ya pande mbili ina maana kubwa kuliko urefu wenyewe, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mguu upi wa nyuma unakwepa kazi.

Usichanganye ukosefu wa mizani na kuchechemea. Mwendeshe matiti kwenye ardhi ngumu, akiongozwa kwa kamba iliyolegea. Kichwa kikipanda kila mara mguu mmoja wa mbele unapogusa ardhi, mguu huo unauma. Hapo mazoezi yanasimama na daktari wa mifugo anaitwa.

Nikague nini kabla ya kuanza mazoezi?

Anza na kwato. Zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Tazama kwa ubavu: mstari wa mbele wa kwato na ule wa mfupa ulio juu yake unapaswa kunyooka pamoja. Ncha ikiwa ndefu na kisigino kikiwa chini, farasi huchelewa kuinua mguu, hujikwaa na kuchosha kano za nyuma ya mguu. Wapandaji wengi humwadhibu farasi kwa uvivu wakati kosa ni la ukataji wa kwato.

Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kingo kali za magego hukata shavu na ulimi, na farasi anayeumia mdomoni hukaza shingo na kugeuza kichwa upande mmoja. Ukimbana zaidi kwa lijamu (chuma cha mdomoni) unamwongezea sababu ya kukakamaa.

Tandiko ndilo linaloharibu migongo mingi, kwa sababu matandiko mengi hapa ni ya mkono wa pili na hugawanywa kati ya farasi wenye miili tofauti. Liweke bila nguo ya chini. Mpandaji akiwa juu, vidole viwili au vitatu vipite wima kati ya tandiko na nundu ya mabega. Mfereji wa katikati usiguse uti wa mgongo popote. Sehemu inayobeba uzito isivuke ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Utafute kwa vidole kutoka tumboni kwenda juu, uweke alama kwa chaki. Baada ya kazi, jasho linapaswa kuenea sawasawa chini ya tandiko. Kipande kikavu katikati ya jasho kinaonyesha pale panapobanwa sana, na nywele nyeupe zilizoota mahali hapo zinaonyesha kwamba tatizo ni la muda mrefu. Kuongeza blanketi chini ya tandiko jembamba hakusaidii. Linazidi kubana.

Mwisho, damu. Katika maeneo yenye mbung'o, farasi anayekonda, anayevimba miguu au chini ya tumbo, au anayeyumba sehemu ya nyuma apimwe nagana (ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o) kabla ya jambo lolote. Kupe nao huleta homa inayopunguza damu. Farasi mwenye upungufu wa damu hawezi kujenga misuli hata ukimfunza kwa ustadi wa namna gani. Dawa za ng'ombe usimpe kwa kukisia, kwa maana baadhi ya zile za nagana humdhuru farasi kwa kipimo ambacho ng'ombe hukistahimili.

Tunalisha majani ya tembo na pumba za mahindi. Je, vinaweza kuharibu mwendo?

Ndiyo, na hili halizungumzwi vya kutosha. Majani ya tembo, nyasi za kikuyu na setaria yana oksaleti inayoshika kalsiamu tumboni, ikatoka na kinyesi bila kutumika. Pumba nazo, za mahindi au za ngano, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Vikikutana katika pipa moja la chakula, mwili huanza kuvuta kalsiamu kutoka mifupani. Farasi hufupisha hatua, hukakamaa asubuhi, huchechemea leo mguu huu na kesho mwingine. Baadaye mifupa ya uso huvimba pande zote mbili juu ya taya.

Ng'ombe hustahimili majani hayo kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza huvunja sehemu kubwa ya oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi hana tumbo hilo.

Dawa yake ni kubadilisha msingi wa chakula. Nyasi za Rhodes zina oksaleti kidogo, na alfalfa ina kalsiamu nyingi. Lenga kalsiamu iwe karibu mara 2 ya fosforasi katika mlo wote, na isiwe chini yake kamwe. Kama huna nyasi nyingine, mwombe daktari akupangie kiasi cha chokaa ya mifugo cha kuchanganya kila siku. Unga wa DCP (dikalsiamu fosfeti) peke yake hautoshi kurekebisha uwiano, kwa kuwa nao una fosforasi. Farasi wa kilo 400 anahitaji karibu kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, chumvi gramu 40 hivi na zaidi akitoka jasho sana, na maji yasiyokatika, lita 25 hadi 40.

Mambo mawili ya hatari: lusina (mti wa Leucaena, si alfalfa) inayopandwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe hunyonyoa nywele za shingo na mkia wa farasi na kudhoofisha kwato, na chakula cha kuku kilichotiwa dawa ya kuzuia koksidia kinaweza kumuua.

Aanze akiwa na umri gani?

Kazi nyepesi ya kupandwa, miaka 4. Uti wa mgongo hukomaa kati ya miaka 5 na nusu na 6, kwa hiyo duara ndogo, kanta ya kukusanya mwili (hatua fupi zinazobebwa zaidi na miguu ya nyuma) na mizigo mizito visubiri hadi hapo. Farasi mkubwa wa miaka 15 naye hujifunza vizuri, ila umpe muda mrefu zaidi wa kupasha mwili moto.

Uwanja uwe wa namna gani?

Mita 20 kwa 40 zinatosha kwa kila kitu kilichoelezwa hapa. Ukiwa na mchanga, kina cha sentimita 5 hadi 8 juu ya tabaka gumu kinafaa. Mchanga wa sentimita 12 au 15 huchosha kano haraka, na farasi hujifunza kuburuta miguu. Uwanja wa nyasi ni mzuri pia, ila misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, nyasi hizo huteleza na udongo wa chini hulainika. Chimba mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji yasipite uwanjani. Barabara za changarawe nyekundu ni nzuri kwa kutembea na matiti mafupi zikiwa na unyevu kidogo. Zikikauka kabisa zinakuwa ngumu kama saruji, na baada ya mvua kubwa juu yake kuna utelezi ambao farasi asiye na mizani hauwezi.

Nianze na mazoezi gani?

Wiki 4 za kwanza ni za mstari ulionyooka na kubadilisha mwendo. Kila kipindi kiwe hivi: dakika 10 za kutembea kwa vigwe virefu, dakika 20 hadi 25 za kazi, dakika 10 za kutembea tena. Wanaoruka zile dakika 10 za mwanzo huishia kufanya kazi na mgongo uliofungwa.

Ndani ya zile dakika 20, fanya badiliko la mwendo kila baada ya sekunde 30 hadi 60. Toka kutembea kwenda matiti, rudi kutembea kwa hatua 3 hadi 5 tu, kisha matiti tena. Ni huku kushuka na kupanda kunakomlazimisha aingize miguu ya nyuma chini ya mwili. Matiti ya kuzunguka dakika 20 bila kubadilika humpa pumzi, lakini mizani hayampi.

Wiki ya 3 ongeza kusimama kikamilifu. Asimame kwa miguu minne sekunde 4, kisha aondoke moja kwa moja kwa matiti. Wiki ya 4 ongeza kurudi nyuma hatua 3 hadi 5, polepole, mguu wa mbele na wa nyuma wa pande tofauti zikiinuka pamoja. Akirudi nyuma kwa kuvuta kichwa juu na kubonyeza mgongo, umetumia mkono mno. Simama, msogeze mbele hatua moja, uombe tena hatua moja tu.

Kasi ya matiti ya kazi ni karibu mita 220 kwa dakika. Kwenye duara la mita 20, ambalo mzingo wake ni mita 63 hivi, mzunguko mmoja unachukua takriban sekunde 17. Hesabu kwa saa mara mbili tatu. Mzunguko wa kwanza ukiwa sekunde 17 na wa pili 14, farasi hafanyi kazi, anaangukia mbele.

Kusimamisha nusu hufanywaje?

Ni ombi fupi la kukusanya mwili bila kusimama. Hudumu hatua moja au mbili tu.

Vuta pumzi na kaa wima, kana kwamba utosi wako unavutwa juu. Bana mapaja kidogo na uache kiuno kisifuate mwendo kwa hatua moja. Funga vidole vya mkono wa nje (ulio upande wa uzio; wa ndani ni ulio upande wa katikati ya duara), bila kurudisha kiwiko nyuma. Papo hapo, miguu yako ya chini ikumbatie ubavu kumwambia asizime mwendo. Kisha achia.

Kuachia ndiko kunakofundisha. Kosa la kawaida ni kushikilia kwa sekunde 5 au 10; farasi hugundua kwamba kuna kitu cha kuegemea, akaegemea. Asiposikia, usivute zaidi. Mshushe kabisa hadi kutembea, mwondoe tena kwa matiti, kisha uombe upya. Baada ya mara 4 au 5 hivi atakuwa anakusikiliza.

Kwa nini ni mgumu upande mmoja?

Farasi wote huzaliwa wakiwa wamepinda kidogo. Upande mmoja misuli ni mifupi na upande wa pili ni migumu kupinda. Mara nyingi mtu hudhani upande "mzuri" ni ule ambao shingo inapinda kirahisi, kumbe huko farasi anakimbilia nje kwa bega.

Usivute shingo kumnyoosha. Kwa upande anaopinda kupita kiasi, tumia zaidi kigwe cha nje na mguu wa nje kushika bega. Kwa upande mgumu, panua duara hadi mita 20 au zaidi, tumia mguu wa ndani karibu na mshipi wa tumbo, na umpe mapumziko ya kunyoosha shingo chini kila baada ya mizunguko 2. Uwiano unaofaa ni mizunguko 3 upande mgumu kwa 2 upande rahisi. Zaidi ya hapo misuli itauma, na kesho yake atakataa.

Chunguza pia namna unavyoinuka na kukaa katika matiti. Ukizunguka, kaa pale mguu wa nje wa mbele unapogusa ardhi, inuka unapokwenda mbele. Katika safari ndefu za njia iliyonyooka, badilisha upande kila dakika 5. Kuna farasi wengi wa safari waliopindishwa na wapandaji ambao hawakubadilisha hata mara moja kwa miaka.

Fito za ardhini zipangwe vipi?

Miti ya mikalitusi ya unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 3 inafaa na hupatikana kila mahali. Menya magamba, chonga upande mmoja uwe bapa au uipachike kwenye vipande vya mbao, maana mti wa mviringo ukikanyagwa hubingirika na kuvunja mguu.

Kwa farasi wa kimo cha sentimita 145 hadi 155, acha sentimita 80 hadi 90 kati ya fito kwa kutembea na mita 1.2 hadi 1.3 kwa matiti. Anza na ufito mmoja, kisha 3, kisha 4 au 5. Usianze na 2, kwa sababu farasi wengi huziona kama kitu kimoja cha kurukwa. Akishapita kwa utulivu pande zote, inua ncha moja ya kila ufito sentimita 10 hadi 15, kwa kupokezana kushoto na kulia. Hapo utaona mgongo ukipanda na mguu wa nyuma ukikunjika kweli.

Kupita mara 8 hadi 12 kwa kipindi kunatosha, siku 2 kwa wiki. Akigonga fito mfululizo, kwanza pima upya nafasi, pili fikiria uchovu. Akizikimbilia, weka ufito wa mwisho mita 10 kabla ya ukuta au uzio, apunguze mwenyewe.

Vilima vinasaidia?

Sana, na hapa Uganda ni utajiri ambao hautumiwi ipasavyo. Tafuta mteremko wa wastani, unaopanda mita 5 hadi 10 kwa kila mita 100. Kupanda kwa kutembea hujenga misuli ya nyonga na mapaja. Kuteremka kwa kutembea, pole na kwa mstari ulionyooka, ndiko hasa kunakofunza mizani, kwa kuwa lazima akunje viungo vya nyuma ili asianguke mbele.

Anza na mita 50 hadi 100, kupanda na kushuka mara 3, siku 2 kwa wiki. Ongeza mzunguko mmoja kila wiki hadi ufike 6 au 7. Unapopanda, inama mbele kidogo na ushike manyoya ya shingo badala ya vigwe. Unapoteremka, kaa wima, usiegemee nyuma hadi kumbonyeza kiuno. Asiteremke kwa mshazari, kwani kwato za nyuma zikiteleza upande, farasi huanguka ubavu. Miteremko mikali ya Kigezi ni ya farasi aliyefanya kazi hii miezi kadhaa, si ya mwanafunzi.

Je, kumzungusha kwa kamba ndefu kuna faida?

Kuna faida ikiwa duara ni kubwa na muda ni mfupi. Kamba iwe na urefu wa mita 8, ifungwe kwenye hatamu ya pua, isifungwe kwenye lijamu. Dakika 15 hadi 20 kwa jumla, ukibadilisha upande kila dakika 4 au 5, mara 2 kwa wiki. Saisi avae glavu na asizungushe kamba mkononi. Duara dogo la mita 8 au 10 kwa kasi huumiza viungo vya miguu ya mbele na kumfunza farasi kuegemea ndani.

Kuna zoezi jingine la chini lisilohitaji hata kamba. Baada ya kazi, misuli ikiwa na joto, mvute kwa karoti apeleke pua hadi ubavuni, hadi nyonga, kisha katikati ya miguu ya mbele. Ashikilie sekunde 5, mara 5 kila upande, siku 5 kwa wiki. Zoezi hili limepimwa kwa ultrasaundi, na baada ya miezi 3 misuli midogo inayoshika uti wa mgongo ilionekana kunenepa.

Kusogea pembeni na bega ndani vianze lini?

Baada ya miezi 2 au 3, akiwa ananyooka na kusikia kusimamisha nusu. Kwanza asogee pembeni: tembea mita 2 kutoka kwenye uzio, mwili sambamba na uzio, na kwa mguu wa ndani mwombe asogee kuelekea uzioni hatua 3 au 4 huku akiendelea mbele. Akiongoza kwa bega, mabega yanafika mapema na nyonga zinabaki. Shika kigwe cha nje.

Bega ndani linapambwa kwa jina la mwalimu wa upandaji farasi, Mfaransa François Robichon de la Guérinière wa karne ya 18, na hadi leo halijapata mbadala kwa kumnyoosha farasi. Toka kwenye duara la mita 10 ukifika uzioni, acha mabega yaingie ndani nyuzi 30 hivi, nyonga zibaki kwenye mstari. Mtu akisimama mbele yenu aone miguu katika njia tatu: nje ni mguu wa nyuma wa nje, katikati mguu wa mbele wa nje na wa nyuma wa ndani, ndani mguu wa mbele wa ndani. Anza kwa kutembea, hatua 5 au 6, kisha mnyooshe uende mbele kwa matiti. Akipinda shingo tu huku mabega yamebaki uzioni, hakuna kilichofanyika.

Kanta yake inakimbia au inaanguka ndani. Nifanyeje?

Usimrekebishe ndani ya kanta. Rekebisha mwondoko. Kwenye duara la mita 20, tuliza matiti, kaa, peleka mguu wa nje nyuma ya mshipi kwa sentimita 10, mguu wa ndani ubaki mahali pake, na uombe. Mdundo wa kwanza ni wa mguu wa nyuma wa nje, ndiyo sababu mguu wako wa nje unazungumza naye. Asipoitika ndani ya hatua 4, usimfukuze kwa matiti ya kasi. Rudi kutembea, anza upya. Akiondoka, kaa naye hatua 6 hadi 10 tu, mshushe kabla hajaanguka mwenyewe, kisha rudia. Kanta fupi 8 za aina hii zina thamani kuliko mizunguko 10 ya kukimbia.

Nimfunge kichwa chini kwa kamba za kuvuta?

Hapana. Utapata shingo iliyokunjwa na mgongo uliozama, na miguu ya nyuma itabaki nyuma. Pua ikiingia ndani ya mstari wima kwa muda mrefu, pumzi nayo hubanwa kooni.

Farasi wetu hubeba wageni. Wanaweza kupata mizani kwa kazi hiyo?

Wanaweza, ikiwa mtu anayejua atawapanda angalau mara 2 kwa wiki kati ya safari, na ikiwa uzito unaheshimiwa. Mpandaji pamoja na tandiko visizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kuukadiria: pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa 165 na urefu wa 160 ana kilo 367 hivi. Asilimia 20 ni kilo 73. Ukitoa tandiko la kilo 9, mgeni asizidi kilo 64. Farasi aliyekonda au mwenye mgongo dhaifu apewe pungufu ya hapo. Kumkatalia mgeni mzito si rahisi, lakini ni haki ya farasi.

Mgeni apandie kwenye jukwaa au kisiki. Kuning'inia kwenye kikuku (pa kukanyagia) cha kushoto mara nyingi kwa siku hupindisha tandiko na mgongo.

Siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi?

Siku 4 au 5, mbili kati yake ziwe za matembezi tu. Kazi ifanyike kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, na amalize mapema: visubi wanaoeneza homa ya farasi ya Afrika (ugonjwa wa virusi) huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo kabla ya giza awe bandani. Dakika 10 baada ya kazi, mapigo ya moyo yawe yameshuka chini ya 60 kwa dakika. Yakibaki juu, kazi ilikuwa nzito au ana homa. Mpime, joto la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5.

Matokeo huonekana lini?

Usikivu hubadilika ndani ya wiki 2 hadi 4. Misuli ya juu ya mgongo na nyonga huanza kuonekana baada ya miezi 3. Mpige picha ya ubavu akiwa amesimama sawa, mahali palepale, kila mwezi. Kama baada ya miezi 3 misuli ya chini ya shingo ndiyo iliyonenepa na kuna mashimo nyuma ya mabega, mazoezi yanafanywa kinyume au tandiko linabana. Hapo usiongeze kazi.

Akipumzishwa kwa ugonjwa, mvua au chanjo, nirudi wapi?

Baada ya wiki 1 ya mapumziko bila ugonjwa, siku 2 za matembezi zinatosha. Baada ya mwezi, rudi mwanzo wa wiki ya kwanza, ingawa utapita haraka zaidi. Baada ya homa, kadiria wiki 1 ya mapumziko kwa kila siku ya homa, kisha uanze kwa kutembea dakika 15. Baada ya chanjo hai ya homa ya farasi, usimpe kazi nzito kwa wiki 2 hadi 3, na fuata agizo la daktari aliyemchanja. Kabla ya kumtandika tena, jaribu tandiko upya kwa vidole, maana farasi aliyekonda au kunenepa hana mgongo uleule.